Ufuta, choroko na yai: kumlisha kasuku mchanga anayepukutisha manyoya

Baji, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, huanza kupukutisha manyoya ya utotoni wakiwa na miezi mitatu au minne. Kokatieli, mwenye kishungi, huanza kwenye miezi sita hivi, na kasuku wakubwa huchelewa zaidi. Mfugaji mgeni akikuta manyoya yametapakaa chini ya tundu hukimbilia duka la dawa za mifugo. Ndege akiwa mchangamfu, anakula, na hana sehemu iliyobaki ngozi tupu, hahitaji dawa. Anahitaji chakula, na kwa aliyeko Mtwara au Lindi karibu chote kiko sokoni.

Takriban sehemu tisa kati ya kumi za unyoya ni protini iitwayo keratini, na keratini haitengenezwi bila amino asidi (vijenzi vya protini) zenye salfa, hasa methionini na sisteini. Ndege anayepewa alizeti tupu hushiba mafuta kabla hajapata vingine anavyohitaji, hasa kalsiamu na vitamini A. Choroko, kunde na mbaazi zina protini nyingi na lysini, amino asidi nyingine, ya kutosha, ila methionini yake ni haba. Ufuta una methionini nyingi na lysini kidogo. Ukiviweka kwenye bakuli moja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Ndiyo maana tunawashauri wanaoanza wasihangaike kuagiza vyakula vya paketi kutoka mbali kabla hawajajaribu ufuta wa Nachingwea au Ruangwa.

Choroko mpe zikiwa zimechipua. Chambua, osha, loweka kwa muda wa saa nane, kisha mwaga maji na uziache kwenye chujio lililofunikwa kitambaa safi. Kwa joto la pwani zisuuze kila baada ya saa nne hadi sita mchana, na mara ya mwisho kabla ya kulala. Kimkia cheupe kikichungulia tu, baada ya saa 12 hadi 24, zimeiva kwa kulisha. Zikinuka uchachu au zikiteleza mkononi, tupa zote. Kusuuza hakuondoi bakteria waliokwisha kushamiri. Maharage usiyachipushe kabisa. Yakiwa mabichi yana sumu inayoharibu utumbo, na moto hafifu wa mkaa unaoelekea kuzimika hauiondoi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa moto mkali dakika kumi kamili, kisha endelea mpaka yalainike. Mbaazi kavu nazo zichemshe vivyo hivyo, bila chumvi, bila nazi, bila kitunguu.

Yai lichemshe dakika kumi na mbili, uliponde pamoja na ganda lake lililosagwa vizuri. Baji anatosheka na nusu kijiko cha chai, kokatieli kijiko kimoja, mara tatu kwa wiki. Liweke asubuhi na uliondoe baada ya saa moja au mbili, kwani kwenye joto letu linaharibika upesi. Ufuta ni wa kunyunyizia tu: robo kijiko cha chai kwa kokatieli, baji apate nusu ya hapo. Msingi wa bakuli ubaki uwele na mtama, na kila siku aongezewe majani: mchicha, mlonge, majani ya maboga, pamoja na kipande cha boga au karoti. Kisamvu kibichi kina sianidi, usimpe. Parachichi pia ni sumu kwa kasuku, hata kidogo. Kwa kalsiamu, kile kifupa cheupe cha ngisi kinachookotwa ufukweni kinafaa sana. Kiloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku, kianike, kisha kifunge tunduni.

Chakula kipya usikilete kwa ghafla. Kasuku mchanga anaweza kushinda na njaa mbele ya bakuli lililojaa kwa sababu hakitambui kilichomo. Changanya kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, na mpime kila asubuhi kabla hajala kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Korosho iliyokaangwa bila chumvi, robo ya punje, ni zawadi tu. Yenye ganda usimpe kamwe, maana mafuta ya ganda yanaunguza. Moshi wa kubangulia korosho nao ni mkali kwa mapafu ya ndege, kwa hiyo siku hiyo hamisha tundu mbali, upande unakotoka upepo. Karanga zilizokaa gunia la msimu wa mvua ziache: ukungu huweka sumukuvu hata punje ikionekana safi.

Manyoya mapya hutokea kama sindano zilizofungwa kwenye ala nyeupe, na ndani kuna damu. Usizikwaruze. Moja ikikatika, bonyeza kwa unga laini wa mahindi na kitambaa safi kwa dakika mbili au tatu. Damu isipokoma, kwa daktari. Unyoya uliofunguka uinue kwenye mwanga. Ukiona mstari hafifu umeukata kwa upana, kama uliobanwa kwa ukucha, basi siku unyoya ulipokuwa ukiota hapo ndege alipungukiwa chakula au alisumbuliwa. Kagua ulichomlisha siku hizo, na uhakikishe analala gizani kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili.

Sindano zikishafunguka zote, punguza yai liwe mara moja kwa wiki, na ufuta nao upunguze, kwani ndege wa tunduni harukiruki kiasi cha kuunguza mafuta hayo.