Usililaze gari na asilimia mbili

Juzi mdogo wangu mmoja, mwenye gari la umeme kwa miezi miwili tu, kanionyesha picha ya dashibodi: asilimia 1. Uso unamng'aa. "Kaka, nilifika!" Nikamuuliza gari liko wapi. "Lipo nyumbani, nitachaji wikiendi." Mwili ukanisisimka. Kila msimu nasikia habari hii hii kutoka kwa wageni wapya, kwa hiyo kaeni niwaambie.

1. Soma asilimia, achana na kilomita. Zile kilomita ni makisio ya gari kutokana na ulivyoendesha siku zilizopita, na siku hizo hukupanda mlima huu wala kukutana na upepo huu. Ukitoka 90 kwenda 120 kwa saa, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara 1.8 ya ule wa mwanzo. Punguza mwendo ukiwa na asilimia 20, maana ukingoja 5 umeshachelewa.

2. Chini ya sifuri kuna akiba, ndiyo, lakini hiyo ni ya kuilinda betri. Usiiwekee safari.

Na hapa ndipo nilipoumia. Nilirudi usiku, mvua inanyesha, dashibodi inasema 2. Kebo ilikuwa inaning'inia ukutani, hatua nne kutoka mlango wa gari. Nikasema asubuhi. Alfajiri simu ikaita, msiba, nikaondoka na begi moja mgongoni. Nilikaa huko wiki saba. Gari nililikumbuka, tena sana: kila siku nilifungua programu kwenye simu kuona linaendeleaje. Sikujua kwamba kila nikifungua, nalizindua usingizini, na kompyuta zake zinaamka kula kile kidogo kilichobaki. Mbili ikawa moja, moja ikawa sifuri, kisha siku moja simu ikaandika kwamba gari halipatikani. Nikadhani ni mtandao.

Niliporudi nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikachomoa ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani yake, nikafungua mlango, hata taa ya ndani haikuwaka. Nikachomeka kebo. Kwa kawaida unasikia kufuli ya soketi ikisema "tak", halafu taa inageuka rangi. Safari hii hakuna tak, hakuna taa. Betri ndogo ya volti 12 ilikuwa imekufa, na hiyo ndiyo inayoziamsha kompyuta na kuzifunga swichi kubwa zinazoiunganisha betri kuu na gari. Betri kuu ndiyo humlisha huyo mdogo. Yenyewe ilipofika chini iliacha kumlisha, na bila yeye haiwezi hata kupokea chaji. Fundi akaamsha ile ndogo kwa betri nyingine, skrini zikawaka, mimi nikashusha pumzi. Gari bado likakataa kuchaji.

Seli, yaani vile vibetri vidogo vinavyounda betri kuu, zimepangwa kwa kufuatana kama pete za mnyororo, na iliyo dhaifu hutangulia kufika chini wakati wenzake bado wana kitu. Fundi alipofungua betri akaweka mita kwenye moja: volti 1.7. Ikijaa, seli ile huwa na volti 4.2. Ikishuka namna hiyo, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo yaweza kuganda mahali pabaya ikaleta shoti. Gari lilikataa kwa sababu nzuri kabisa. Moduli nzima, yaani fungu zima la seli, ikabadilishwa, kwa sababu ya hatua nne ambazo sikuzitembea.

3. Panga kufika kituoni na asilimia 15, na ukijue kituo cha pili, kwani chaja mbovu haikutumii taarifa.

4. Betri ya LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati) ijaze mpaka 100 mara kwa mara kama kitabu cha gari kinavyosema. Volti yake haibadiliki sana kati ya kujaa na kuisha, kwa hiyo gari lisipopata kuiona imejaa huanza kukosea hesabu, na asilimia 12 yaweza kuporomoka ghafla.

5. Likizima njiani, lipakiwe juu ya lori. Magurudumu ya mota yakiburutwa, mota inazalisha umeme na kuunguza vitu.

6. Baridi ikiwa kali, chaji ukifika, betri ikiwa bado na joto la safari. Na ukisafiri kwa muda mrefu, liache karibu na asilimia 50, uiache programu nayo ipumzike. Hili la mwisho nalirudia kila mara na bado mnachungulia!

Yule mdogo wangu sikumwachia mpaka wikiendi. Nilikaa naye kwenye simu akishuka ngazi na ndala, analalamika, mpaka nikaisikia mwenyewe: tak. Baada ya saa kadhaa akanitumia picha nyingine ya dashibodi. Asilimia 34.