Samaki wanaruka banio na kuangukia zege: tupunguze kimo?

Swali: Mtaalamu, mtoni kwetu kuna banio la zege, yaani ukuta unaokatiza mto, lililoinuka mita moja na robo juu ya maji ya upande wa chini. Mto ukijaa, samaki wa sentimita 25 hadi 30 hufika kwa wingi, wanaruka na kuangukia sakafu ya zege. Kuna wengine wadogo, wembamba, wanaoupanda ukuta wenyewe palipo na unyevu. Tumekubaliana kukata nusu mita. Itatosha? Na kwa nini wengine waruke, wengine wapande?

Jibu: Haitatosha. Naomba msiguse ukuta kabla ya kuchunguza kilichopo chini yake.

Samaki akishatoka majini hana tena cha kusukuma. Mkia unapiga hewa. Kimo atakachofikia kimeshaamuliwa na kasi aliyotoka nayo. Kwa makadirio, samaki mwenye afya akijikaza huenda mara 10 ya urefu wa mwili wake kwa sekunde. Basi samaki wenu wa sentimita 30 anatoka na mita 3 kwa sekunde, na kasi hiyo haimpandishi zaidi ya sentimita 46, hata aruke wima kabisa. Mkikata nusu mita bado mnamwachia ukuta wa sentimita 75. Kasi ikiwa maradufu, kimo huwa mara nne: samoni wa sentimita 60, kwa makadirio hayohayo, anafika mita 1.8. Ndiyo maana samoni wakubwa wa Atlantiki wanavuka maporomoko ambayo samaki wa kiganja hawezi kuyajaribu.

Na hakuna anayeruka wima, kwa sababu lazima asonge mbele pia. Samoni huyo akiruka kwa pembe ya nyuzi 60, anapanda kama mita 1.4, na kilele cha mruko kinakuwa mita 1.6 mbele ya pale alipotokea. Hapo ndipo sakafu yenu ya zege inapoleta madhara. Inamlazimisha samaki arukie mbali na ukuta, hivyo anafika kileleni kabla ya ukingo na kuanza kushuka juu ya zege. Hata angekuwa na nguvu za kutosha, mahali pa kuanzia si sahihi.

Dimbwi lililo chini ya maporomoko ndilo ninalolitazama kwanza, kila ninapoitwa. Maji yakiangukia kwenye kina kizuri yanazama, kisha yanapanda tena mbele kidogo ya ukuta. Samaki anaingia kwenye mkondo huo unaopanda, naye anarukia hapo, karibu na ukingo, akiwa na msukumo wa ziada. Kigezo kinachotumika sana ni kina cha dimbwi kuwa walau mara 1.25 ya kimo cha kuruka. Dimbwi likiwa na kina kifupi, maji yanapasuka na kujaa mapovu, na mkia haupati kitu kizito cha kusukuma.

Misuli nayo ina mpaka wake. Mruko unategemea misuli myeupe, inayofanya kazi bila kungoja oksijeni, kwa sekunde chache tu. Baada ya hapo asidi ya laktiki hujaa mwilini, na samaki huhitaji saa kadhaa kupona. Kila anayeangukia zege anachoma akiba aliyoiweka kwa ajili ya kutaga mayai. Linaniuma kuliona.

Wapandaji wana njia nyingine kabisa. Mkunga mchanga ni mwepesi kiasi kwamba utando wa maji unamshikilia ukutani, naye anajinyonganyonga kwenda juu. Akizidi sentimita 10 hivi uzito unamshinda. Lampri, asiye na taya, hujibandika kwa mdomo, hujirusha kidogo, hujibandika tena. Kona kali ya ukuta humwangusha, kwani mdomo haupati mahali tambarare pa kushika. Kule Hawaii, gobi wadogo wenye kikombe cha kunyonya kilichotokana na mapezi ya tumboni hupanda maporomoko yanayozidi mita 100, na aina moja hutumia mdomo na tumbo kwa zamu. Umbo la namna hiyo samaki wenu wanaoruka hawana.

Kwa hiyo, badala ya kukata, gawanyeni kimo. Jengeni ngazi ya madimbwi ambamo maji yanashuka sentimita 15 hadi 20 kwa kila hatua, au mteremko mrefu wa mawe makubwa. Kwenye kuta za ngazi acheni nafasi za wima zinazofika chini, ili samaki apite akiogelea. Wengi hawaruki wakipata pa kupenya. Mlango wa chini wa ngazi uwe karibu kabisa na banio, pale wanapokusanyika sasa, na utoe mkondo wenye nguvu wa kuwaita. Nimeona ngazi nzuri zikikaa tupu kwa sababu mlango uliwekwa mita kadhaa chini ya ukuta. Kwa wale wembamba, laza ubao wenye nyuzi ngumu za brashi ukingoni, maji yachuruzike taratibu juu yake, na pembe zote kali za zege zifanywe mviringo.

Kabla ya kumwita mhandisi, pimeni tofauti ya maji ya juu na ya chini, kina cha dimbwi na urefu wa sakafu, na mpime mto ukiwa umejaa, wakati samaki wanapopanda. Vipimo vya kiangazi vitawapa banio tofauti kabisa.