Maswali ya Wasomaji: Gari Zima, Nembo Inayochukiwa

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye magari ya Tesla nchini Marekani. Mapema mwaka 2025, Elon Musk alipoingia katika serikali ya Donald Trump na kuanza kupunguza watumishi na matumizi, hasira za watu ziliangukia nembo ya kampuni yake. Maduka ya Tesla yalizingirwa na waandamanaji, mwezi Machi magari yakachomwa moto kwenye kituo cha matengenezo cha Las Vegas, na ya watu binafsi yakaanza kukwaruzwa maegeshoni. Wengi wa waliopata hasara walinunua miaka kadhaa kabla ya hayo yote.

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Model Y yangu imekwaruzwa kwa funguo kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, na boneti imepuliziwa rangi nyekundu. Nianze wapi? Na mbona kamera hazikurekodi kitu?

Jibu: Pole sana, ndugu. Kabla maji au kitambaa hakijagusa gari, piga picha: gari zima na namba yake, kisha kwa karibu, taa ya simu ukiishika ubavuni ili mkwaruzo utoe kivuli. Ripoti polisi na uchukue namba ya ripoti. Kama umechorewa alama ya chuki, mfano swastika, hakikisha imeandikwa hivyo, kwa sababu inaweza kubadilisha uzito wa kosa. Baada ya hapo wapigie watu wa bima.

Rangi ya kupuliza haingoji mkaguzi, maana kadiri inavyopigwa na jua ndivyo inavyozidi kushika. Waarifu bima kwamba unaisafisha, tunza risiti, kisha osha boneti kwa shampuu ya gari. Tumia dawa ya kuondoa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, ukiipaka kwa kitambaa laini, eneo la ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja, bila kukandamiza. Mabaki yaondoe kwa udongo laini maalumu wa kusafishia rangi ya gari (clay bar) ukiwa umelowa maji ya shampuu, umalizie na polishi. Tina na asetoni usiziguse kabisa, zitayeyusha klia ya gari, yaani tabaka la juu linalong'aa na kulinda rangi, pamoja na hiyo rangi nyekundu.

Mkwaruzo wenyewe uupitishie ukucha. Ukiteleza, umeishia kwenye klia na polishi inaweza kutosha. Lakini klia ya kiwandani ni kama maikroni 40 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo usimruhusu fundi aisugue kwa msasa mara kwa mara. Ukucha ukinasa, milango inapakwa upya. Kwenye nyeupe ya lulu na nyekundu, fundi makini huififisha rangi mpya hadi kwenye paneli ya jirani ili tofauti isionekane. Kazi hiyo iandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo, la sivyo utaambiwa uilipie mfukoni.

Uharibifu wa makusudi hulipwa na bima kubwa, ile inayobeba pia moto na wizi. Ya mgongano au ya kumlipa mtu wa tatu haikusaidii hapa. Tazama kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe: kikiwa dola 500 na kazi ni dola 450, hakuna cha kudai.

Kuhusu kamera, Sentry Mode, yaani ulinzi wa kamera gari likiwa limeegeshwa, hujizima betri ikishuka chini ya asilimia 20, na mara nyingi watu huwa wameizima wenyewe kwenye eneo waliloliweka kuwa nyumbani. Inaweza kula umeme wa takribani maili 1 ya safari kila saa, kwa hiyo gari likikaa uwanja wa ndege siku 10 ulinzi unaweza kuzimika kabla hujarudi. Chanzo kingine ni flashi mbovu, ile inayohifadhi video za kamera. Weka ya gigabaiti 64 au zaidi, yenye kasi ya kuandika isiyopungua megabaiti 4 kwa sekunde, na uifomati kwenye menyu ya usalama ya gari lenyewe. Tukio likitokea, nakili folda ya SentryClips kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Flashi ikijaa, gari hufuta video za zamani ili kupata nafasi.

Swali: Niweke stika ya kusema nilinunua kabla sijamjua mwenye kampuni, au niondoe nembo kabisa?

Jibu: Stika huwatuliza wengine na kuwachokoza wengine. Ukiamua kuiweka, ibandike kwenye kioo cha nyuma, si kwenye rangi, na isizibe kamera: zipo juu ya namba ya nyuma, kwenye nguzo kati ya milango, ubavuni mwa fenda za mbele na kwenye kioo cha mbele. Nembo iliyogundishwa hutoka kwa kuipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha kupitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake huku na huku kama unakata kwa msumeno. Gundi iliyobaki iondoe kwa dawa ya kuondoa gundi na kidole, usitumie wembe. Chunguza kwanza kama nembo ina vipini nyuma, kwa sababu ukiing'oa utabaki na matundu yanayoingiza maji. Kwenye gari la miaka kadhaa kivuli cha nembo hubaki, kwani rangi ya pembeni imepauka na ya chini yake haikupauka.

Katika maandamano ya China dhidi ya Japani, Septemba 2012, watu walifunika nembo za magari ya Kijapani kwa bendera ya China. Huko Xi'an, mwenye Toyota alipigwa kichwani kwa kufuli la baiskeli alipojaribu kuliokoa gari lake, akapooza upande mmoja. Umati ukikujia, ondoka na uliache gari.

Swali: Nadaiwa mkopo wa dola 31,000, na gari wananipa 26,000. Siwezi kuidai kampuni fidia kama walivyofanya wenye Volkswagen?

Jibu: Hapana. Mwaka 2015 Volkswagen ilibainika kuficha moshi wa injini za dizeli kwa programu ya kuhadaa vipimo. Kasoro ilikuwa ndani ya gari lenyewe, ndiyo maana makubaliano ya 2016 yaliwawezesha wamiliki Marekani kurudisha magari kwa bei ya kabla ya kashfa na fidia juu yake. Gari lako halina kasoro. Linachukiwa tu, na sheria hailipi hilo.

Kuporomoka kwa bei pia hakukutokana na hasira peke yake. Januari 2023 Tesla ilipunguza sana bei za magari mapya, na Januari 2024 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ikatangaza kuuza takribani magari 20,000 ya umeme. Yaliyotumika yalishuka tangu hapo.

Kuuza leo kunakugharimu dola 5,000 taslimu. Muuzaji atakayetaka kuzitia kwenye mkopo wa gari jipya mkatalie, maana utalipa riba ya gari usilonalo tena. Ile bima ya kuziba pengo la mkopo hulipa gari likiibwa au likiharibika lisitengenezeke, wala haihusiki na bei ya soko. Kama unaweza kuliendesha miaka minne mingine, ushauri wetu ni ukae nalo. Ukishindwa, omba benki salio la kufunga mkopo kwa tarehe maalumu, kisha kusanya bei tatu za maandishi ndani ya wiki moja. Mwenye mkataba wa kukodi ana afadhali: thamani ya mwisho ilishaandikwa siku ya kusaini, na hasara ya soko ni ya mkodishaji. Mwenye mkataba huo atengeneze mikwaruzo kupitia bima kabla ya ukaguzi wa kurudisha gari.

Swali: Wamekata tairi mbili ubavuni. Zinazibika?

Jibu: Hazizibiki. Nunua mpya mbili za ekseli moja, na ikiwa gari linavuta magurudumu yote, tofauti ya kina cha kashata isizidi milimita 1.5 hivi. Libebwe juu ya lori, lisiburutwe. Jeki iwekwe kwenye sehemu zake nne tu, kwa sababu ikikosea inabonyeza betri iliyo chini ya sakafu. Nati za Model 3 na Model Y hukazwa kwa nguvu ya nyutonmita (Nm) 175.