Ukuta wa matofali mabichi unaomomonyoka chini: usizibe kwa saruji

Ndugu, umeuliza kama kitako cha ukuta wa nyumba yako ya kale ya ranchi, New Mexico, Marekani, kizibwe kwa saruji. Tafadhali usifanye hivyo. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hukwama nyuma ya saruji, na tofali bichi hulainika hadi kumomonyoka. Palipoliwa sana, egemeza ukuta kwa mbao kwanza, kisha, kama ukuta tayari una lipu ya saruji, ibandue kwa mkono, kipande kwa kipande. Ondoa udongo uliorundikana ukutani na elekeza maji ya paa mbali. Ukuta ukishakauka, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa, ziba kwa matofali mabichi ya udongo unaofanana na wa zamani. Lipu iwe udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Udongo wa mfinyanzi ukizidi, lipu itapasuka. Jaribu kipande kidogo kwanza.