Jibu: Kupanga vyakula vinne kwa ng'ombe wanane bila kimoja kukiharibia kingine

Ndugu, umeuliza jinsi ya kulinganisha vyakula vinne (A, B, C na D) kwa ng'ombe wanane wa maziwa, kila ng'ombe akila vyote kwa zamu katika vipindi vinne. Mpango wako wa ABCD, BCDA, CDAB, DABC, ambapo kila mstari ni mfuatano wa vyakula vya ng'ombe mmoja, unahakikisha kila chakula kinapita kila kipindi, lakini tazama jirani zake: B inaifuata A mara tatu, na A haiifuati B hata mara moja. Kama A inaacha athari tumboni, B ndiyo itakayosifiwa au kulaumiwa bure.

Tumia mraba wa Williams, wa mwaka 1949, yaani jedwali linalosawazisha pia chakula kipi kinafuata kipi:

ABDC
BCAD
CDBA
DACB

Hesabu mwenyewe: kila chakula kinafuata kila kingine mara moja tu. Kwa ng'ombe wanane weka miraba miwili, mmoja wa wanaokamuliwa maziwa mengi, mwingine wa wenye machache. Piga kura kuamua chakula kipi kipewe herufi ipi, na ng'ombe yupi apate mstari upi.

Bado acha muda wa kuzoea. Katika kipindi cha siku 21, pima maziwa wiki ya mwisho tu. Kwenye uchambuzi ingiza ng'ombe, kipindi, chakula cha sasa na kilichotangulia.

Ukipunguza vyakula viwe vitatu, mraba mmoja hautoshi. Utahitaji mipangilio yote sita, kwa hiyo tafuta ng'ombe sita au kumi na wawili.