Tofali za kuchoma bila plasta huku Pwani: adui yako ni chumvi, na vanishi inamsaidia

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuleta tofali za kuchoma kutoka Morogoro, ujengee Kigamboni bila plasta, halafu mbele ubandike mawe ya urembo. Unaweza. Mimi ni fundi, nimejenga sana na tofali hizo Iringa kabla ya kuhamia Pwani, na naona watu wanahamisha tofali bila kuhamisha akili.

Iringa ukuta ukilowa unakauka, basi. Huku unyevu unapanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, na upepo wa bahari unaongeza yake. Maji yakikauka, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya tofali na kuusukuma uso wake mpaka unabanduka kama magamba. Dalili ya kwanza ni unga mweupe kwenye kozi za chini, yaani mistari ya chini ya tofali. Ufute kwa brashi kavu. Ukiumwagia maji unairudisha chumvi ndani.

Wengi wakiuona huo unga wanaita fundi rangi apige vanishi. Jamani! Karibu na saiti yangu ya sasa kuna nyumba ambayo nguzo za baraza zilipakwa vanishi nzito. Ukiinua ngozi ya vanishi kwa kucha, inatoka na kipande cha tofali kimeng'ang'ania nyuma yake. Nguzo ya uani, tofali za tanuri lile lile, haikupakwa kitu na bado ina pembe zake zote. Ukuta lazima upumue. Kwenye picha vanishi inapendeza, hilo sibishi.

Udongo wa kujengea nao usiwe saruji kali. Changanya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, na mchanga uwe wa mto, siyo wa ufukweni. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mafundi wanaokarabati kuta zile wanaikwepa plasta ya saruji kwa sababu inafungia unyevu ndani.

Tofali chagua mwenyewe, usimwachie dereva wa lori. Gonganisha mbili: zilizoiva zinalia, ambazo hazikuiva zinatoa sauti butu. Moja iloweke usiku kucha, asubuhi ikwangue kwa msumari. Ikitoka tope, hiyo ni ya ukuta wa ndani. Na siku ya kujenga zilowanishe kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya udongo kabla haujashika.

Msingi jenga kwa bloku za saruji, tandika nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo tofali zianze, angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Paa litoke nje sentimita 60 au zaidi. Wale wanaoficha paa nyuma ya ukuta wasahau kabisa tofali za wazi upande wa upepo.

Mawe ya urembo hayana makuu, ila yasishuke mpaka kugusa ardhi, maana yatapitisha unyevu juu ya ile nailoni uliyolipia. Na mgongo wa jiwe ujae udongo wote; mafundi wengi wanaweka madonge manne kwenye kona, maji yanaingia katikati na jiwe linadondoka.

Weka picha ya kiwanja, hasa upande unaotazama bahari, tuone wapi tofali zibaki wazi na wapi upige plasta ya chokaa.