Kadi ya kuachiwa na mwenyeji Dar? Usiitie hata mia

Mkuu, nimesoma ujumbe wako hadi pale uliposema mwenyeji wako wa Kimara ana kadi ya ziada ya mabasi ya mwendokasi, atakuachia, nawe utaijaza 50,000 ya wiki mbili ukwepe foleni. Nikashindwa kuendelea. Usithubutu.

Mwaka jana nilitoka hapa Dodoma kwenda Dar kwenye mafunzo ya siku kumi. Sisi wa Sabasaba tumezoea konda: unampa noti, anakupa chenji, mkigombana mnagombana macho kwa macho. Shemeji yangu, mjuaji wa kila kitu kuanzia mpira hadi bei ya nondo, akaniambia kadi ni kadi tu, bora isome. Akanipeleka kwa kijana mmoja nje ya kituo, nikauziwa iliyokwishatumika. Nikaitia 40,000 kwa mkupuo.

Siku mbili nilikuwa mfalme, nagusa napita. Ya tatu ikagoma. Nilikuwa naiweka mfuko wa nyuma na kuikalia (mwili wangu si mwepesi, tuliache hilo). Nikaenda dirishani kifua mbele, nikijua napewa nyingine na salio langu lote. Dada akauliza, "Imesajiliwa kwa namba gani?" Nikataja yangu. Haipo. Nikataja ya shemeji, akili ishaanza kuruka. Haipo. Kadi ilikuwa na namba ya mtu nisiyemjua, na salio likahesabiwa la huyo mtu. Dada wa watu simlaumu, angempa kila anayekuja na hadithi angefukuzwa kazi.

Hebu fikiria: treni ya SGR daraja la kawaida kurudi Dodoma ilikuwa 31,000. Humo ndani mlikuwa na tiketi yangu na chipsi kuku juu! Yule kijana nilimvizia siku nne, hakuonekana. Shemeji nilipomfuata akajibu, "Si ungeniuliza kwanza?" Nilimuuliza! Tena ndiye aliyenishika mkono kunipeleka! Na nauli ya kurudi nikamkopa yeye huyohuyo. Cheka tu, hata mke wangu bado anacheka.

Kwa hiyo nunua mpya dirishani. Isajiliwe kwa namba yako ukiwa umesimama palepale, usibanduke mpaka uhakikishe namba iliyoandikwa ni yako. Ndipo uitie nauli ya siku mbili, basi. Wakikuambia jaza nyingi upumzike, waambie wakujazie wao.

Pantoni ya Kigamboni wanatumia kadi iitwayo N-Card, hiyohiyo ya kuingilia Uwanja wa Mkapa. Nayo andika namba yako, si ya mwenyeji, si ya bodaboda.

Uliuliza na jambo jingine, nadhani la kutumia kadi moja na mkeo. Limenitoka, nina hasira. Naye anunue yake, kwa namba yake.

Ya mwenyeji mrudishie kwa heshima zote. Akinuna, mwambie kuna jamaa wa Sabasaba kakukataza.